Ilpo na Nyenje wa Agosti

Ukimwona shemeji yangu Ilpo Harjukoski akishuka kwenye gari, hutadhani ni mpiga gitaa. Utadhani ni fundi bomba aliyeitwa nyumba ya tatu tangu asubuhi na bado hajatia kitu tumboni. Anatanguliza mguu wa kulia, anashika mlango, anasubiri magoti yakubali, ndipo anasimama. Nywele zilizobaki anazifunga nyuma kwa mpira uliokuja na vitunguu vya dukani. Halafu anaingia ukumbini, anavaa gitaa lake jeusi, anagusa uzi mmoja tu, na vijana wadogo kuliko gitaa lenyewe wanaweka bia zao chini.

Mimi ndiye wa besi kwenye bendi yake, Rautahalla, roki nzito ya kweli, ile ya kutikisa kifua. Naitwa Tuure. Gitaa la besi ni kitu ambacho watu hukigundua siku kisipokuwepo, nami nimeshazoea. Nimemwoa Merja, dada yake Ilpo, kwa hiyo tunaitana shemeji tangu tukiwa na viuno vyembamba.

Ijumaa tunapakia spika, tunakwenda kupiga muziki mjini Oulu au Jyväskylä au popote palipo na jukwaa na mashine ya kahawa. Jumapili tunarudi tunanuka jasho na soseji za kituo cha mafuta. Jumatatu asubuhi, wakati mimi na mgongo wangu tunabembelezana kutoka kitandani, Ilpo ameshakaa kwenye kiti chake studio. Maana hiyo ndiyo kazi yake ya pili, au ya kwanza, hata yeye hajui tena. Ni prodyuza. Anarekodi bendi za watu wengine, anazichanganya sauti, anazituma duniani zikiwa zimevaa na kuchana nywele.

Studio yake ni kiwanda cha zamani cha maziwa, nje kidogo ya mji wetu wa Iisalmi, ambako baba yake alisukuma makopo maisha yake yote. Kuta ni vigae vyeupe mpaka juu. Ukipiga ngoma mle ndani, zinanguruma kama mzee aliyeamshwa usingizini. Ilpo aliligundua hilo akiwa mtoto, kwa kupiga ndoo. Miaka ya tisini walikuja hadi Wajerumani, wakalala kwenye magodoro chumba cha siagi, wakala mkate wa Merja wenye samaki tumboni, wakaondoka na rekodi ambazo mpaka leo watu wanazitaja kwa heshima.

Siri ilikuwa kazi tu, kazi isiyo na huruma. Gitaa la Ilpo kwenye rekodi si gitaa moja. Analipiga wimbo mzima, sauti hiyo inawekwa sikio la kushoto. Kisha anaupiga tena wimbo uleule, noti kwa noti, pumzi kwa pumzi, inawekwa sikio la kulia. Zikitofautiana hata unywele, anafuta anaanza upya. Nimemwona akifanya hivyo siku nzima huku vidole vimevimba. Nikimwambia, "Shemeji, pumzika, hakuna atakayejua," ananijibu bila kugeuka, "Wewe mpiga besi, kanywe kahawa." Halafu akimaliza anatutia sote kwenye gari lake la zamani, tunakwenda mpaka kituo cha mafuta, tunaegesha, tunasikiliza. Rekodi ikistahimili spika za ile Toyota, imepita. Isipostahimili, tunarudi.

Sasa niseme jambo la watu wa huku Savo, nami nina haki ya kusema maana nimeishi nao mpaka nimezeeka. Mimi nimezaliwa Pohjanmaa, upande wa bahari. Kwetu mtu akiona suruali yako imechanika nyuma, anakwambia, suruali imechanika, mzee. Huku atakwambia, leo kuna kaupepo. Umuelewe usimuelewe, shauri yako. Ukiuliza kama basi limeshapita, utajibiwa kwamba kuna kitu kama basi kimeonekana, ila nacho kinaweza kuwa lori. Miaka ya kwanza nilikuwa nakaribia kung'oa nywele. Merja alikuwa akinifinya chini ya meza: "Nyamaza wewe, hapa si kwenu." Nikanyamaza. Kunyamaza kuna tabu yake, ukikuzoea hujui tena umeanza lini.

Ilikuwa Agosti, jioni, tumetoka sauna ya Ilpo, kile chumba cha mvuke nyuma ya kiwanda. Tumekaa kibarazani na mataulo, mvuke unatutoka mabegani. Kyösti, mpiga ngoma wetu, alikuwa na sisi. Yeye ni mfugaji, shamba lake ndilo linalopakana na studio, na ng'ombe wake wamesikia roki nzito zaidi ya wahariri wote wa muziki. Majani marefu ya Kyösti yalikuwa yanalia. Nyenje, wengi ajabu, kelele mpaka unataka kuwatupia kiatu. Ilpo akanyoosha miguu, akatazama yale majani, akasema taratibu, "Mwaka huu nyenje hawapo."

Tukatazamana. Kyösti akakuna goti. Merja aliyekuwa akileta soseji akasimama mlangoni na sahani. Halafu akasema, "Inaweza kuwa hivyo."

"Kiangazi kilikuwa na mvua," Kyösti akaongeza, mjinga yule.

Nami nikasema, "Ndiyo, mvua." Basi, yakaishia hapo. Agosti iliyofuata akasema tena, nyenje wamepotea siku hizi, labda ni dawa za mashambani. Tukasema labda. Na iliyofuata.

Huku nyuma rekodi zake zikaanza kuuma. Sijui niieleze vipi kwa mtu asiyekaa na mambo haya. Sauti za juu kabisa, matoazi hasa, zile sahani za shaba za mpiga ngoma, Ilpo alikuwa anaziongeza. Kila rekodi zaidi ya iliyopita. Kwake zilikuwa hazisikiki, kwa hiyo alizipandisha mpaka azisikie, na kwetu sisi ilikuwa ni kama mtu anapasua vioo karibu na uso wako. Bendi zilichukua rekodi zao, zikasema asante, ni nzuri tu, zikaenda. Hazikurudi. Bendi ya vijana wa mji wa Kajaani waliokuwa kama wanawe, nao kimya. Kitabu cha kupangia siku za studio kikawa cheupe. Ilpo akawa anafagia sakafu isiyo na vumbi.

"Roki imepitwa na wakati," aliniambia siku moja, ameegemea ufagio. "Au mimi nimepitwa. Nimechoka, shemeji. Nimechoka hata kwenye nywele."

"Kila mtu amechoka," nikamwambia.

"Ila hii yetu ikitoka vizuri," akasema, "basi nitajua bado ninafaa. Isipotoka vizuri, nafunga mlango, naenda kukaa kwa kina Kyösti nishike viwele vya ng'ombe."

Hii yetu ilikuwa rekodi mpya ya Rautahalla, ya kwanza baada ya muda mrefu mno. Na jamani, nilijua itakavyotoka. Ikitoka vile, jina lake limekwisha, na studio ataifunga mwenyewe kwa mkono wake akidhani kosa ni la vidole au la umri au la dunia, kumbe ni masikio tu. Na akiambiwa ni masikio? Prodyuza bila masikio ni nini? Hapo ndipo kila mtu alipokwama, akala mkate wake akanyamaza.

Tulirekodi majira yote ya baridi. Ilpo alipiga magitaa yake mara mbili mbili kama kawaida, na nasema mbele ya yeyote, hajawahi kupiga vizuri vile. Mwishoni akaweka wimbo mmoja wa polepole, gitaa la mbao peke yake, bila ngoma, bila mimi. Aliutunga kwa ajili ya mama yao, yeye na Merja. Aliupiga mara moja tu. Akaweka gitaa chini akasema, "Huu sirudii. Nikiurudia nitakuwa nasema uongo."

Kule juu darini, kati ya vigae na taa, kengele ya moshi, ile ya kutahadharisha moto, ilikuwa imeishiwa betri. Unajua zinavyofanya: inatoa kamlio kamoja kembamba, inanyamaza, unasahau, inalia tena. Ilikuwa inalia tangu Krismasi. Mimi na Kyösti tulikuwa tunaiangalia kila inapolia, kisha tunamwangalia Ilpo, kisha tunaangalia viatu. Sasa nikaona imeingia kwenye wimbo wa mama.

Siku ya gari ikafika. Theluji ilikuwa inayeyuka, njia nzima matope. Tukaegesha kituo cha mafuta, Ilpo kwenye usukani, mimi pembeni, Kyösti nyuma na kahawa yake ya karatasi. Akawasha. Matoazi ya Kyösti yakatupiga usoni. Nilimwona Kyösti kwenye kioo amefumba macho, na hizo ni sahani zake mwenyewe! Halafu ukaja ule wimbo wa polepole, mtamu. Na katikati yake: pii. Ukaendelea. Pii.

Ilpo alikuwa anatabasamu. Nilikuwa sijamwona akitabasamu tangu sijui lini. Akazima, akageuka. "Basi? Semeni."

Kyösti akanywa kahawa. "Ni kama vile inasikika," akasema.

"Shemeji?"

"Itakaa sawa tu," nikasema. Mimi! Mtu wa Pohjanmaa!

"Basi Jumatatu naituma kwa wachapaji wa rekodi," akasema Ilpo, akawasha gari.

Nyumbani nilimwambia Merja nakwenda kumwambia. Alikuwa anakanda unga wa mikate ya iliki, akaupiga unga kofi. "Utamuua," akasema. "Ana nini kingine? Mke aliondoka, mtoto hakupata. Ana masikio tu."

"Hana hata masikio, Merja! Ndiyo ninachosema!"

"Usinipigie kelele jikoni kwangu."

"Kaka yako anakwenda kuzikwa na rekodi yake mwenyewe, na sisi tumesimama tunasema inaweza kuwa, inaweza kuwa! Inaweza kuwa nini? Watu gani ninyi?"

Mikono yake ilibaki ndani ya unga. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Basi nenda. Ila chukua mkate."

Jumamosi ndiyo siku ya sauna. Nikaenda peke yangu, na mkate. Tukakaa kwenye benchi la juu, uchi, wazee wawili wenye matumbo, kama tulivyokaa maisha yetu yote. Akamwaga maji kwenye mawe ya moto. Mvuke ukapanda. Nikasubiri utulie.

"Ilpo," nikasema. Sikumwita shemeji. "Husikii sauti za juu. Matoazi yako yanakata watu masikio. Bendi ziliondoka kwa sababu hiyo. Na ndani ya wimbo wa mama yenu kuna kengele ya moshi inalia, imelia tangu Krismasi. Na nyenje wapo. Kila mwaka wapo. Hawajawahi kuondoka."

Hakunitazama. Alichota maji, akamwaga. Akachota tena, akamwaga. Akachota tena. Joto likapanda mpaka masikio yangu yakawaka, nikafunika uso kwa viganja, na bado anamwaga. Nikadhani ananitoa roho.

"Nilikuuliza," akasema hatimaye.

"Uliniuliza nini?"

"Nilikwambia nyenje hawapo. Mtu akikwambia nyenje hawapo wakati wanalia, anakuuliza nini? Nilikuuliza kila Agosti. Nilianza kuhisi, Tuure. Nikawaza, niwaulize watu wangu, wao wataniambia. Mkasema mvua. Nikasema ah, basi, kama ni mvua basi mimi mzima. Nikaenda nikakaa pale kwenye kiti nikaharibu rekodi za watoto wa watu."

"Ungeuliza kama mtu! Ungesema, jamani, mnawasikia nyenje?"

"Mimi ni mtu wa huku!" akapaza sauti. Ilpo hapazi sauti, hata jukwaani hapazi. "Siwezi kuuliza hivyo. Ila wewe si wa huku. Dada yangu alipokuleta, mama alisema huyu ana mdomo mchafu, anasema kila analoliona. Nikamwambia mama, muache amwoe, familia hii inahitaji mmoja wa namna hiyo. Wewe ndiye niliyekuwa nakuuliza. Wale wengine nilijua watasema mvua."

Nilitaka kukasirika, hasira ikanikimbia. Nikabaki natoka jasho.

Akashuka benchini, akajifunga taulo, akatoka. Nikamfuata. Alipita uani pekupeku kwenye theluji iliyobaki, akaingia studio, akaburuta ngazi. Nikamwambia, "Acha nipande mimi, magoti yako." Hakusikia, au alisikia. Akapanda taratibu, mguu wa kulia kwanza, akaizungusha ile kengele ya moshi akaitoa darini, akashuka nayo. Akaibana kwenye sikio la kushoto kama mtu anayesikiliza simu.

Ikalia. Mimi niliyesimama mlangoni niliruka.

"Imelia?" akauliza.

"Imelia."

Akaihamishia sikio la kulia, akaibana kwa nguvu mpaka ngozi ikawa nyeupe. Tukangoja. Ikalia tena. Akakunja uso.

"Kidogo," akasema. "Mbali kabisa. Kama sindano imeanguka chumba cha siagi." Akaitoa, akaitazama, kidubwana cha plastiki kisichojaa kiganja. "Hii ndiyo ilikuwa inalia juu ya kichwa changu?"

"Ndiyo hiyo."

Akakaa kwenye kiti chake cha kazi na taulo lake, akalia. Sikumgusa, huku hatugusani. Niliwasha mashine ya kahawa, nikakata mkate wa Merja vipande vinene kupita kiasi, nikakaa kwenye kochi lenye mashimo mpaka alipomaliza.

Akapangusa uso kwa taulo, akawasha mitambo. Akaleta wimbo wa kwanza. "Njoo hapa," akasema. "Si kochini. Hapa."

"Mimi ni mpiga besi, shemeji. Sijui hayo mambo ya juu."

"Una masikio?"

"Ninayo."

"Basi kaa. Niambie nikizidisha. Ukisema inaweza kuwa, nakupiga na hii ngazi."

Akabonyeza. Matoazi yakatoka kama mvua ya vioo. "Punguza," nikasema. Akapunguza. "Punguza." Akapunguza. "Bado, Ilpo. Punguza." Kila nikisema nilimwona anapungua na yeye, kidogo kidogo, mabega yanashuka. Maana kwake muziki ulikuwa unazima. Alipofika mahali ambapo kwangu ulikuwa mzuri, mzuri kweli, kwake ilikuwa kama amefunikwa blanketi. Akauliza, "Hapa?" Nikasema, "Hapa." Akaitikia kwa kichwa, akaacha mkono wake pale, akaamini. Sijawahi kuona mtu akifanya jambo gumu kama lile.

Haikutumwa Jumatatu. Ilitumwa Juni, baada ya mimi kukaa pale mpaka makalio yakafa ganzi. Kengele aliikata kwenye wimbo wa mama, mlio baada ya mlio, huku mimi nikimwonyesha kwa kidole ilipo, na wimbo haukurudiwa. Kisha akawapigia simu wale waliokuwa wameondoka, mmoja mmoja, na simu kwenye spika ili nami nisikie. Vijana wa Kajaani wakasema, aa, mzee Ilpo, ilikuwa sawa tu. Akasema, "Haikuwa sawa. Ilikuwa takataka. Nileteeni niitengeneze, halafu mtafute prodyuza mwingine." Nadhani hakuna mtu wa Savo aliyewahi kusema maneno hayo kwenye simu.

Wameleta. Akizimaliza hizo, anafunga studio. Gitaa bado anapiga, hilo liko mikononi. Ana vile vifaa vya masikio siku hizi. Vinamsaidia kusikia watu, na analalamika kwamba watu hawana la maana.

Jana tulitoka sauna, tukakaa kibarazani. Vifaa vilikuwa ndani mezani, mvuke unaviharibu. Kyösti alikuwa ameenda kukamua. Merja alikuwa ndani anapanga sahani. Majani marefu yalikuwa yanalia vilevile, bila aibu.

Ilpo akanigeukia. "Wapo?" akauliza. Hivyo hivyo tu, kama mtu wa kwetu.

"Wapo," nikamwambia kwa sauti kubwa. "Wengi. Kero tupu."

"Upande gani?"

Nikamshika bega, nikamgeuza kidogo kuelekea uzio wa Kyösti, pale wanapolia zaidi. Akakaa akitazama huko, mikono magotini, mpaka Merja alipotuita kula.